Nilienda kusikiliza nyatiti laivu, nikaulizwa mimi ni mjukuu wa nani

Nianze na aibu ili tumalizane nayo mapema.

Usiku ule Homa Bay, mzee alicharaza nyuzi zake kwa kama dakika tano hivi, kisha akanyamaza. Mimi nikapiga makofi. Peke yangu. Nilipiga kwa nguvu kabisa, kama mtu aliyelipia kiti cha mbele. Watu wakageuka. Mama aliyekuwa akigawa chai akaziba mdomo asicheke. Rafiki yangu akaniinamia sikioni: "Wewe, hata hajaanza. Anakaza nyuzi tu."

Kama kungekuwa na shimo pale chini ya ule mwembe ningeingia nalo mpaka Migori.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana pengine unajiuliza msichana wa mjini alikuwa anatafuta nini kwa boma la watu usiku wa Ijumaa, wakati wenzake wako kwa klabu wakikatikia arbantone.

Mimi ni mtoto wa Migori mjini. Baba ni Mkuria wa Kehancha, mama ni Mjaluo wa Suna, na kwa sababu hakuna aliyetaka kushindwa na mwenzake, nyumbani tulilelewa kwa Kiswahili. Kijaluo changu ni cha sokoni: najua bei, salamu na matusi mawili. Kikuria changu ni cha kuitikia simu. Muziki wangu ni ule wako tu: gengetone, Bongo, amapiano, na chochote ambacho TikTok imeamua tuimbe wiki hiyo. Nyatiti nilikuwa nimeiona kwa noti za darasa la sita na kwa sherehe za serikali, pale ambapo wazee huchezeshwa dakika mbili huku kamishna wa kaunti akiongea na simu.

Halafu rafiki yangu akanipigia. Tulijuana chuoni, enzi zile bado niko chuoni. Familia yao ilikuwa inafanya rapar ya babu yake, ile sherehe ya kumkumbuka marehemu baada ya muda kupita tangu azikwe. Babu mwenyewe alikuwa ameacha maneno: siku ya kumkumbuka, asiletewe spika. Aletewe nyatiti.

"Kuna ngori kwa grupu ya familia," akaniambia. "Vijana wanataka bendi ya ohangla, ile ya kinanda. Wakristo hawataki chochote usiku. Dani amekataa wote. Amesema nyatiti ama tusifanye."

Dani akashinda, kama madani wanavyoshinda. Ijumaa usiku ingekuwa nyatiti, Jumamosi ibada, na baada ya ibada DJ aje kuwatuliza vijana. Nikaalikwa. Kusema kweli nilienda kwa sababu nilitaka kitu cha kuandika, na kwa sababu niliahidiwa samaki.

Barabara ya kwenda

Migori hadi Homa Bay si mbali. Unapita Awendo penye miwa, unafika Rongo, halafu unaunganisha gari lingine linalopitia Rodi Kopany hadi chini ziwani. Lakini kama unazijua Probox zetu, unajua umbali hauhesabiwi kwa kilomita. Unahesabiwa kwa idadi ya watu. Kutoka Rongo mimi nilikaa kiti kimoja na dereva, nusu yangu juu ya breki ya mkono, na kila akibadilisha gia ilibidi niombe msamaha.

Ukikaribia Homa Bay unaona ziwa kabla hujaona mji, na kilima cha Asego kikisimama hapo kama askari wa zamu. Mji wenyewe umechangamka. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka Dei zilifanyiwa pale, na wenyeji bado wanaisimulia kama harusi ya kwao. Tukachukua nduthi mpaka bomani. Jua lilikuwa limezama na ziwani taa zilianza kuwaka moja moja. Nilidhani ni mji mwingine ng'ambo. Mwenye nduthi akanicheka. Ni wavuvi wa omena. Giza likiingia wanawasha taa, samaki wanafuata mwanga.

Bomani kulikuwa na viti vya plastiki, hema moja, na watu kama mia hivi. Hakuna jukwaa. Hakuna maikrofoni. Wazee wameketi mbele, akina mama kando, na vijana nyuma kabisa karibu na ukuta, kila mmoja uso wake umepakwa buluu na simu yake. Katikati kulikuwa na mkeka, kigoda kifupi, na kitu kimelazwa juu ya gunia.

Ala yenyewe

Nilisogea nikaitazame. Kijana mmoja wa rika langu, mwanafunzi wa yule mzee, alikuwa anailinda. Nikanyoosha mkono niiguse. Akaivuta pole pole kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na jiko.

"Samahani, siste. Wasichana hawaishiki."

Akanieleza lakini bila kiburi. Nyatiti ina bakuli la mti lililofunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili ya mti inayotoka kwenye bakuli, na mti wa kukingama juu unaoshika nyuzi. Nyuzi ni nane. Zamani zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile ya kuvulia samaki, na Homa Bay hiyo haiwezi kukosekana. Pale nyuzi zinapopita juu ya ngozi kuna matete yaliyoshikwa kwa nta ya nyuki, ndiyo maana sauti yake ina ule mvumo, kama nyuki ameketi ndani akiimba naye.

Mpigaji anaitwa jathum. Anakaa chini karibu na ardhi, ala ikilala ubavuni. Mguuni amefunga njuga, zinaitwa gara. Na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo anagongea ule mti wa ala. Mtu mmoja, bendi nzima. Hahitaji mpiga ngoma. Ngoma anayo mguuni.

Kuhusu wasichana, nilimuuliza: "Na yule Mjapani?"

Akacheka. Anamjua, kila mpiga nyatiti anamjua. Eriko Mukoyama, anayejulikana huku kwetu kama Anyango, alitoka Japani miaka ya 2000, akaenda Siaya, akaishi kijijini kwa mwalimu wake Okumu K'Orengo, na akawa mwanamke anayetajwa kuwa wa kwanza kuipiga nyatiti kama mtaalamu. Siku hizi Nairobi kuna Labdi, msichana anayepiga orutu, ile fidla ya Kijaluo ya uzi mmoja, nayo ilikuwa ya wanaume. Kwa hivyo mlango ulishafunguliwa, ingawa si kila boma limepata habari.

"Huyo alipewa ruhusa na mwalimu," kijana akasema. "Wewe mwalimu wako ni nani?"

Sikuwa na jibu. Na hilo halikuwa swali la mwisho kunishinda usiku ule.

Makofi ya mapema

Basi mzee akaja. Mwembamba, koti la suti, viatu akavua. Akavaa pete kidoleni, akafunga njuga, akakaa. Kisha akaanza kuzungusha vile vitambaa vilivyofunga nyuzi kwenye mti wa juu, uzi mmoja baada ya mwingine, akikaza, akilegeza, akigusa, akisikiliza na kichwa kimeinama. Alivyokuwa anazipitia zote nane kwa mpangilio, kwangu ulikuwa wimbo tayari. Mfupi, mtamu. Ukaisha. Nikapiga makofi.

Nilijifariji baadaye kwa kisa kimoja nilichokuwa nimekisoma. Tarehe 1 Agosti 1971, Ravi Shankar, yule bingwa wa sitari kutoka India, alipanda jukwaani Madison Square Garden mjini New York na mwenzake Ali Akbar Khan, kwenye tamasha ambalo yeye na George Harrison wa Beatles waliliandaa kuchangia watu wa Bangladesh. Wakaanza kurekebisha nyuzi. Ukumbi mzima wa Wamarekani ukalipuka kwa makofi. Ravi Shankar akawashukuru kwa upole, akawaambia kwamba ikiwa wamependa hivyo maandalizi, anatumai watapenda zaidi muziki wenyewe.

Kwa hivyo mimi na New York ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba wao walikuwa maelfu, mimi nilikuwa peke yangu.

Lakini kuna jambo la kujifunza pale. Muziki wa kitaalamu wa Kihindi na nyatiti vinafanana kwa hili: havina haraka na wewe. Hakuna kibwagizo kinachokurukia sekunde ya kumi na tano kwa sababu kinaogopa utapita. Kule India msanii anaweza kuizunguka sauti moja kwa muda mrefu kabla ngoma haijaingia. Huku kwetu jathum anakaza nyuzi mbele yako na hakuna anayeona ni kupoteza wakati. Hata kukaza ni sehemu ya shughuli. Sisi tumezoea kupokea chakula kikiwa mezani, halafu tunashangaa wenzetu wanakaa jikoni.

Nusu saa ya kwanza nilichoka

Sitakudanganya kwamba nilipenda papo hapo. Nilirekodi sekunde thelathini, nikajaribu kuzirusha TikTok, mtandao ukakataa. Nikarekodi tena. Kwa macho yangu hakuna kilichobadilika. Mzee ni yule yule, mzunguko wa nyuzi ni ule ule, maneno siyaelewi. Dakika kumi. Ishirini. Vijana wawili nyuma yangu wakaanza kubishana kuhusu Arsenal. Nikaangalia betri: asilimia tisa. Nikazima simu ili nibakishe ya kupiga asubuhi.

Hapo ndipo nikaanza kusikia.

Ukisikiliza nyatiti kwa simu unapata nyuzi peke yake. Spika ya simu haina kifua cha kubeba ule mguu. Ukiwa pale, unasikia chuma kikigonga mti, na kila kikigonga, ardhi inakuletea habari kupitia kiti chako cha plastiki. Njuga zinakuja nyuma kidogo. Nyuzi nene zinakoroma, nyembamba zinajibu. Halafu sauti ya mzee inapita katikati kana kwamba haijali, inachelewa, inakimbia, inarudi. Na ule mzunguko niliodhani haubadiliki ulikuwa unabadilika kila mara. Anaondoa uzi mmoja. Anaurudisha mahali pengine. Nilikuwa sisikii kwa sababu nilikuwa nangoja kitu kikubwa kitokee.

Halafu nikashtuka. Hii ninaijua! Hii ni gitaa ya benga! Zile gitaa zinazonikoroga kichwa kila asubuhi kwa matatu za Migori, za D.O. Misiani, aliyezaliwa upande wa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Tanzania, na kufariki mwaka 2006. Wapiga gitaa wa kwanza wa benga walitoa vidole kwenye nyatiti wakavipeleka kwenye gitaa. Nilikuwa nimesikia mjukuu maisha yangu yote, leo ndiyo nakutana na babu.

Na kama benga si yako, pengine Kanye West ni wako. Wimbo wake "Yikes" wa mwaka 2018 una kipande kilichotolewa kwenye "Kothbiro" wa bendi ya Black Savage ya Kenya ya miaka ya sabini. Mmoja wa bendi hiyo, Ayub Ogada, ndiye baadaye aliyeubeba wimbo huo na nyatiti hadi kwenye albamu yake ya mwaka 1993 na kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005. Ogada alifariki 2019. Wengi wetu tulimjua wiki hiyo.

Muziki unaosimamishwa

Sasa nikueleze kuhusu pakruok, maana hapa ndipo nilipopatikana.

Katikati ya wimbo mtu anainuka, anaweka pesa kwenye sahani, na mzee anasimamisha nyuzi. Kabisa. Kimya. Yule aliyelipa sasa ana haki ya kuongea, na anachoongea ni sifa: zake, za ukoo wake, za rafiki yake, za mahali alikotoka. Anajitaja ni nani. Kisha mzee anaendelea, na mara nyingi jina lako linaingia ndani ya wimbo. Ukitaka kumtaja mwenzako unamlipia. Hiyo ndiyo tiketi. Hakuna anayekulipisha getini, lakini huwezi kukaa mle ndani usiku kucha bila jina.

Mvuvi mmoja akasimama akasema yeye ni taa ya omena: giza likizidi ndipo anaonekana. Watu wakashangilia. Mwenye nduthi aliyetuleta, kumbe naye yuko, akatoa hamsini, akasema yeye ndiye injini isiyozimika kwa mlima wa Asego, hata petroli ikipanda bei. Kicheko. Mwalimu mstaafu akasema wanafunzi wake wamejaa ofisi zote mpaka hajui aombe msaada kwa nani. Kicheko kingine.

Kisha dani wa rafiki yangu, mwenye rapar, akainuka na fimbo. Mtu akataka kumtolea pesa, akakataa, akafungua fundo la leso, akatoa yake. Muziki ukasimama. Rafiki yangu alinitafsiria kwa sauti ya chini. Alisema yeye ni mke wa mwanamume aliyekula mkia wa samaki miaka yote, akimwachia kichwa, akimdanganya kwamba kichwa hakipendi. Basi. Akaketi. Kwa muda hakuna aliyesema kitu, halafu akina mama wakapiga vigelegele, na hata wale wa Arsenal nyuma yangu walikuwa wamenyamaza.

Nilikuwa bado nafuta macho mzee aliponyoosha kidole.

"Yule aliyenipigia makofi kabla sijaanza," akasema kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa. "Huyo ni nani?"

Kabla sijajibu, rafiki yangu, ambaye bado tuna kesi naye, akawa ameweka shilingi mia kwenye sahani kwa ajili yangu. Nyuzi zikanyamaza. Watu mia wakanitazama.

Nikasimama. Nikasema sentensi pekee niliyokuwa nayo: "An nyar Suna." Mimi ni binti wa Suna.

Makofi! Nikadhani nimeponea. Nikaanza kukaa.

Mzee akauliza taratibu: "Nyar Suna, in nyakwar ng'a?" Wewe ni mjukuu wa nani?

Ninyi mnaojua desturi mnajua nilikuwa nimefanya nini. Binti huitwa kwa kwao baba. Suna ni kwao mama. Nilikuwa nimejificha kwa nyumba ya mama kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa na lugha ya pale. Na kuna kitu kingine nilichokuwa nimekizoea kukificha. Dani wangu wa Suna anaamini niko mwaka wa nne chuoni. Kila Krismasi ananiuliza mahafali ni lini, ameshanunua na kitambaa cha kushonesha nguo ya siku hiyo. Niliacha mwaka wa pili. Karo ilishinda, halafu nikaona haya kurudi nyumbani kusema karo imeshinda, halafu uongo ukawa na umri wake.

Sijui ni nini kilichonifanya niseme. Labda ni ule ukimya. Muziki ukisimamishwa kwa ajili yako, ukimya wake si wa kawaida. Mtu amelipa ili usikike. Huwezi kutoa porojo.

Nikaongea Kiswahili. Nikasema, "Jaduong', baba yangu ni Mkuria, wa Kehancha. Mama ndiye wa Suna. Niliacha chuo mwaka wa pili na dani yangu hajui. Nasajili laini za simu steji ya Migori, na usiku naandika. Sina sifa ingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikatamani ardhi.

Mzee akagusa uzi mmoja, ule mnene, akauacha uvume mpaka ukaisha wenyewe. Kisha akasema Wakuria wana iritungu, nayo ina nyuzi nane. Wakisii wana obokano, kubwa kuliko hii, nayo nyuzi nane. Hizi zote ni ndugu, mama zao tu ndio tofauti. Akauliza kama babu yangu wa Kehancha alikuwa akipiga. Nikasema sijui. Akasema, "Basi uliza."

Akaanza kupiga. Nikasikia jina langu ndani ya wimbo, mara moja, mara mbili, likifuatwa na Kehancha na Suna. Nilimuuliza rafiki yangu mzee anasema nini. Akasikiliza. "Anasema makofi yako yalitangulia, sasa mwenyewe umefika."

Nilikaa pale mpaka saa kumi alfajiri. Sikuwasha simu.

Ukitaka kwenda

Wengi mtaniuliza unaipata wapi. Si kwa bango. Jothum bado huitwa kwenye rapar, kwenye matanga ya wazee, na kwenye mahari za familia zinazoshikilia mila. Uliza wenyeji wa Homa Bay, Migori ama Siaya, na uliza wazee kabla ya kuuliza vijana. Ukialikwa, nakuachia haya niliyojifunza kwa aibu yangu:

Usipige makofi mpaka wengine wapige. Beba pesa ndogo ndogo, hamsini na mia, kwa sababu mzee hawezi kusimamisha wimbo akutafutie chenji. Beba sweta, upepo wa ziwa hauna huruma. Usiruke ala wala usiishike bila kuruhusiwa. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, ukishapata, rekodi kidogo halafu weka simu mfukoni. Vumilia nusu saa ya kwanza, haijakuwa mbaya, ni masikio yako yanapanguswa.

Na uende na jibu. Si lazima liwe la kuvutia. Lakini utaulizwa.

Yule kijana mwanafunzi aliniambia kitu asubuhi akifunga ala kwenye gunia. Mchana anaendesha nduthi. Miezi yake ya kwanza kwa mzee hakupiga wimbo hata mmoja. Alikuwa anakaza nyuzi, analegeza, anakaza tena, anabeba kigoda. Wenzake walimcheka kwamba anasomea kazi isiyo na mshahara. Nikamuuliza kwa nini hakuacha. Akaangalia ziwani, taa za omena zilikuwa zinazimwa.

"Nilishaacha shule," akasema. "Sikutaka kuacha kila kitu."

Hilo nimelibeba mpaka leo.

Yaliyofuata

Nilisema sikuwasha simu. Lakini kuna waliokuwa wamewasha zao. Nilipofika Rongo Jumamosi jioni nikapata chaji kwa duka la mtu, simu ikafufuka ikiwa na ujumbe sitini na nne. Kuna mtu alirekodi pakruok yangu yote. Video ilikuwa imetoka Homa Bay, ikapita grupu za watu nisiowajua, ikafika kwa grupu ya familia yetu kabla yangu. Binamu mmoja mwenye moyo mzuri kupita kiasi alikuwa ameishika simu mbele ya uso wa dani ili aone mjukuu wake akiimbiwa.

Dani hapendi meseji. Alipiga. Nilipokea nikiwa nimesimama kando ya barabara, magari ya Kisii yakipita.

Alinyamaza muda mrefu. Nikasikia kuku kwake. Kisha akauliza: "Ile mia uliitoa wewe?"

Nikasema hapana, dani, nilitolewa na rafiki.

"Utamrudishia," akasema. Akanyamaza tena. "Na mimi nitafanya nini na kitambaa?"

Sikuwa na jibu, na safari hii hakukuwa na uzi wa kuvuma unisaidie. Akaniambia nifike Suna Jumapili baada ya kanisa, nije peke yangu, na nisije na mkate wala sukari ya kumlainisha. Akakata.

Naandika hii Jumamosi usiku. Rafiki nimeshamtumia ile mia kwa M-Pesa. Baba nimemuuliza kuhusu babu wa Kehancha, akasema anakumbuka ala ilining'inia ukutani alipokuwa mdogo, lakini hakumbuki kuiona ikishushwa. Amesema ataulizia kwa shangazi.

Kesho naenda Suna. Nimejaribu kupanga maneno, yote yanasikika kama ya mtu anayeomba kazi. Nadhani nitaanza tu na jina langu.